Likizo Lushoto: Turubai halichaguliwi kwa namba ya lebo peke yake

Mombo kuna joto. Abiria anayeshuka pale, kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha, hununua maji ya baridi na kuvua sweta. Mji huo uko mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Baada ya kupanda kona za Soni, kupita maporomoko yanayoonekana kutoka barabarani na kuingia Lushoto mjini, mita 1,400 hivi, abiria yule yule hulitafuta lile sweta kwenye begi.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa wastani, kila mita 100 za kupanda mlima joto hupungua kwa nyuzi 0.6. Kutoka Mombo hadi Lushoto mtu amepanda mita 1,000, yaani amepoteza nyuzi 6 kabla jua halijazama. Na hapo bado hajafika kwenye Msitu wa Magamba, ambao vilele vyake vinapita mita 2,000.

Baridi hiyo ni sehemu ya kinachowavuta wazazi wa Dar es Salaam na Tanga kupeleka watoto Usambara wakati wa likizo. Kuna plamu na pichi kwa msimu wake, kuna mbega weusi kwa weupe msituni, na kuna ukingo wa Irente ambako mtoto anasimama na kuiona nyika ya Mazinde iko chini kabisa kama ramani. Wengi hulala kwenye nyumba za wageni. Wapo pia wanaotaka watoto waonje kulala nje, kwenye hema lenye turubai juu yake, na shule na vikundi vya skauti hufanya hivyo hivyo.

Ndipo linapokuja swali ambalo wazazi wengi hulijibu dukani kwa haraka: turubai gani halipitishi maji? Muuzaji ana jibu lake tayari. “Hili halipitishi kabisa, mama.” Ukimuuliza la pili yake, nalo halipitishi. La tatu pia.

Kwa mzazi, swali hilo lina uzito kuliko anavyodhani. Mtu mzima akilowa usiku hununa hadi asubuhi. Mtoto wa miaka minne akilowa usiku wa Julai, Magamba, anaweza kuugua.

*Aina tano za turubai*

Anayezunguka Kariakoo au maduka ya vifaa vya ujenzi mikoani atakutana na maturubai ya namna kuu mbili.

La kwanza ni lile la plastiki iliyofumwa, mara nyingi la bluu, kijani au chungwa, lenye matundu ya pete za chuma pembeni. Ndilo la bei nafuu. Ni nyuzi za plastiki zilizofumwa kama mkeka, kisha zikapakwa tabaka jembamba la plastiki pande zote mbili. Likiwa jipya, maji hayapiti. Kazi yake huharibiwa na jua na mikunjo: tabaka la juu hupasuka mahali lilipokunjwa mara kwa mara, na vitundu vidogo kama ncha ya sindano hujitokeza.

La pili ni turubai zito la PVC, lile la malori. Lushoto linaonekana kila siku ya soko, likifunika kabichi, karoti na nyanya zinazoshuka kwenda Dar es Salaam. Mvua hailitishi. Lakini ni zito. Turubai la kutosha familia nzima ni mzigo wa mtu mzima, na mtoto hawezi hata kuliburuta.

La tatu, linalopungua sokoni, ni turubai la pamba. Hilo huzuia maji kwa njia nyingine: nyuzi zikilowa huvimba na kuziba nafasi zilizo kati yake. Ndiyo maana turubai jipya la pamba linapaswa kuloweshwa na kukaushwa kabla ya safari, na ndiyo maana wazee wa skauti huwakataza watoto kugusa paa kwa ndani wakati wa mvua. Palipoguswa pataanza kudondosha.

La nne na la tano ni yale mepesi ya kampuni za vifaa vya kambi, yanayoagizwa nje, yanayoletwa na ndugu aliyeko ughaibuni, au yanayopatikana mitumba baada ya kuachwa na watalii. Moja ni kitambaa cha poliesta au nailoni kilichopakwa poliyurethani, plastiki inayonyumbulika. Jingine ni nailoni iliyopakwa silikoni. Haya ndiyo yenye lebo na namba, na ndiyo yanayolinganishwa zaidi kwa chapa.

*Namba ile inapima nini*

Kwenye lebo ya turubai la DD Hammocks, kampuni ya Scotland, la mita 3 kwa 3, imeandikwa milimita 3,000. Ni poliesta iliyopakwa poliyurethani, na lina uzito wa gramu 800 hivi. Kwenye turubai la Thru-Hiker la kampuni ya MSR ya Marekani, lililotengenezwa kwa nailoni nyembamba sana, imeandikwa milimita 1,200, na uzito wake haufiki nusu kilo. Mzazi anayesoma lebo peke yake atasema la kwanza linazuia maji mara mbili na nusu ya la pili.

Sivyo hasa. Namba hiyo ni kimo cha maji. Maabara hubana kipande cha kitambaa, husukuma maji upande mmoja na kuongeza shinikizo polepole, kisha hutazama upande wa pili. Tone likitokea mahali pa tatu, kipimo kinasimamishwa. Milimita 3,000 maana yake kitambaa kilivumilia uzito wa maji yaliyosimama mita 3 kwenda juu kabla ya kuvuja. Utaratibu huo unajulikana kwa jina la ISO 811 na hutumika dunia nzima.

Kipimo ni cha kweli, ila kinapima kipande cha kitambaa, kwa kawaida kikiwa kipya, kikiwa kimebanwa, ndani ya maabara. Hakipimi mshono, wala tundu la kamba. Hakikuambii turubai litakuwaje baada ya miaka mitatu kwenye stoo ya Tanga, au likifungwa na baba aliyechoka saa moja usiku.

Kwa paa lililokazwa vizuri na lenye mteremko, milimita 1,200 na milimita 3,000 zote hufanya kazi kwenye mvua ya kawaida, kwa sababu maji hayasimami juu yake. Yanapita. Tofauti kubwa kati ya chapa hizo mbili iko kwingine: nailoni hunyonya maji kidogo na kulegea ikilowa, hivyo mtu huamka usiku kukaza kamba, wakati poliesta hulegea kidogo zaidi ya kutolegea kabisa. Upande mwingine, aliyebeba nailoni nyembamba hajaumia mabega.

Hilleberg, kampuni ya Sweden iliyoanzishwa 1971, hutumia nailoni iliyopakwa silikoni, na katika kueleza ubora wa kitambaa chake huweka mbele nguvu ya kutochanika. Hoja hiyo ina mantiki kwa mzazi. Kitambaa chenye namba kubwa kikichanwa na tawi la mti saa nane usiku, namba yake haina kazi tena.

*Goti la mtoto*

Mahali ambapo namba kubwa ina maana ni chini, kwenye turubai la kulalia. Hapo hesabu inawashangaza wengi.

Chukua mtoto wa kilo 20, wa miaka mitano au sita. Akipiga magoti kutafuta kiatu chake ndani ya hema, uzito wake wote unakaa kwenye vipande viwili vidogo, kila kimoja karibu sawa na kiberiti. Tuseme jumla sentimita 40 za mraba. Kilo 20 gawanya kwa 40 ni nusu kilo kwa kila sentimita moja ya mraba. Shinikizo hilo ni sawa na maji yaliyosimama mita 5, yaani milimita 5,000.

Kwa maneno mengine, kama ardhi ya chini imelowa chapachapa, goti la mtoto linaweza kuyasukuma maji kupita kwenye kitambaa ambacho mvua ya usiku kucha ingeshindwa kukipenya. Mzazi ataona doa la maji kwenye magodoro asubuhi, atatazama juu, na kulilaumu paa.

Hapa ndipo turubai la bei nafuu linapolishinda la bei mbaya. Kipande cha PVC cha lori, au plastiki nzito iliyofumwa isiyo na vitundu, kikiwekwa chini hufanya kazi bora kuliko kitambaa chepesi cha kampuni yenye jina. Familia yenye bajeti ya turubai moja zuri na moja la kawaida inaweza kuweka lile jepesi juu na lile zito chini, kisha mkeka na godoro la sponji juu yake.

Sharti ni moja: turubai la chini lisizidi paa. Likichungulia nje hata kwa shubiri moja, litapokea mvua inayotiririka kutoka juu na kuiingiza moja kwa moja chini ya mgongo wa mtoto. Kingo zake zikunjwe ndani.

*Jua, stoo na sindano*

Wanaoishi chini ya maturubai kwa miezi, si kwa wikiendi, wana kipaumbele kingine. Katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Congo, turubai la msaada ni kitu kinachojulikana na kila mtoto. La UNHCR lina ukubwa wa mita 4 kwa 5, la nyuzi nyeusi za plastiki ngumu zilizofumwa na kupakwa plastiki nyeupe pande zote mbili, likiwa na dawa ya kuzuia miale ya jua. Watoaji wa masharti yake husisitiza nguvu ya kufumwa, uzito na uvumilivu wa jua. Wanajua kwamba plastiki isiyo na kinga hukauka na kupasuka, na ikipasuka maji yanapita, hata kama ilianza ikiwa kamilifu.

Familia ya mjini inaweza kujifunza kutoka hapo. Turubai la plastiki lililofunika gari au matofali miezi sita juani si turubai la kumlaza mtoto chini yake, hata kama linaonekana zima.

Yale ya poliyurethani yana adui mwingine, unyevu wa stoo. Likikunjwa likiwa na maji na kuachwa kwenye joto la pwani, lile tabaka huanza kuoza taratibu. Linanata, linatoa harufu kali, kisha linabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Hili hutokea kwa chapa ghali na chapa rahisi, na ndilo jambo la kwanza la kuchunguza kwa mnunuzi wa mitumba. Silikoni haibanduki hivyo, ila tepu za kawaida za kuziba mishono hazishiki juu yake. Mishono yake huzibwa kwa gundi ya silikoni.

Mshono ndio mlango. Kila sindano inapopita huacha tundu. Kampuni nyingi huziba matundu hayo kwa tepu kiwandani, nyingine humwachia mnunuzi. Na turubai likipelekwa kwa fundi cherehani kuunganishwa vipande viwili, fundi anaweza kuwa hodari wa suti lakini ameongeza mamia ya matundu katikati ya paa. Kama ni lazima kuunganisha, mshono ukae pembeni, kisha uzibwe. Kwa PVC, mafundi wa maturubai ya malori huunganisha kwa joto au gundi, na kiraka chao hudumu.

*Magamba: maji yasiyotoka mawinguni*

Asubuhi ya Magamba huwa na ukungu. Msitu huu, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hunywa maji ya mawingu hata siku isiyo na mvua: majani yanadondosha, kuvu na ndevu za miti zimelowa, vinyonga wamejikunja kwenye matawi. Anayelala hapo huamka na kukuta matone yameshika upande wa ndani wa turubai, na hukumu huwa ya papo hapo. Turubai bovu.

Mara nyingi turubai halina kosa. Watu wanne wakilala usiku mzima hupumua nje maji ya kujaza kikombe na zaidi. Mvuke huo ukigusa kitambaa kilichopozwa na baridi ya nje, unageuka matone. Nguo zilizolowa zikianikwa ndani, na sufuria la chai likichemka karibu, maji yanaongezeka.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Maji ya kuvuja hutoka mahali pamoja: kwenye mshono, tundu au mkunjo. Maji ya pumzi hutanda kila mahali, kama kioo cha bafuni. Ukiyakuta hayo, dawa yake si turubai lenye namba kubwa zaidi. Dawa ni hewa. Acha nafasi pande mbili zinazotazamana, inua paa kidogo, nguo za maji zilale nje chini ya ukingo.

Wazazi wengi hufanya kinyume. Wakiona matone, wanabana kila upenyo ili baridi isiingie. Hapo hatari ya kulowa inapisha hatari nyingine kubwa zaidi.

*Jiko libaki nje*

Kitambaa kisichopitisha maji hakipitishi hewa pia. Sifa ile ile tunayoilipia dukani ndiyo inayoligeuza hema lililobanwa kuwa chumba kisicho na dirisha.

Usiku wa baridi, kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ni kikubwa. Limeshapika, makaa bado ni mekundu, moshi hauonekani, watoto wanatetemeka. Lakini mkaa unaowaka polepole penye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni. Mtu aliyelala haamshwi na kikohozi. Hulala zaidi.

Dalili kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Zinafanana na za mafua au malaria, na ndiyo sababu hupuuzwa. Ishara ya kuamsha shaka ni pale watu kadhaa wa hema moja wanapolalamika kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje. Ikitokea hivyo, toa kila mtu kwenye hewa safi mara moja, mtoto kwanza, kisha nendeni hospitali hata kama wamepata nafuu. Lushoto mjini kuna hospitali ya wilaya.

Kuacha “mlango wazi kidogo” hakutoshi. Makaa yanayoonekana kama yamekufa bado hutoa gesi. Jiko la gesi na la mafuta ya taa nayo yana hatari hiyo hiyo ndani ya hema. Kanuni haina nusu: chochote kinachowaka hakiingii mahali pa kulala.

Badala yake, chemsha maji nje, yajaze kwenye chupa ngumu inayofunga vizuri, ivalishe soksi nene na iwekwe miguuni mwa mtoto, isiguse ngozi moja kwa moja. Mtoto ale kabla ya kulala, kwani mwili hupata joto kutokana na chakula. Mvalishe soksi kavu na kofia. Watoto wawili wakilala pamoja hupeana joto.

*Majaribio manne ya nyumbani*

Kabla ya kulinganisha chapa kwa bei, mzazi anaweza kulinganisha maturubai mawili uani kwake kwa siku moja. Hahitaji maabara.

Kwanza, jua. Shikeni turubai wawili, mlinyanyue kuelekea mwanga mkali na mtazame upande wa kivuli. Vitundu vitaonekana kama nyota. Angalia zaidi kwenye mistari ya kukunjia na kuzunguka pete za chuma.

Pili, ndoo. Funga pembe nne ili katikati pabonyee kama bakuli, mshono ukiwa chini kabisa. Mimina ndoo ya lita 20, tandika gazeti kavu chini yake, acha hadi asubuhi. Kipimo hiki hakifikii shinikizo la namba za kwenye lebo, lakini kinafichua mshono na vitundu, ambako uvujaji mwingi huanzia.

Tatu, goti. Mwagia udongo maji, tandaza turubai, weka karatasi ya tishu juu, mwambie mtoto apige magoti hapo dakika tano huku akihesabu au akiimba. Tishu ikilowa, turubai hilo si la chini. Linaweza bado kuwa zuri juu.

Nne, kiganja na pua. Sugua upande uliopakwa. Ukinata, ukitoa vumbi jeupe au harufu ya kuchacha, tabaka limeanza kufa. Litatumika kufunika baiskeli.

Baada ya hayo, mzazi atagundua kwamba mara nyingine turubai la bei ya kati lenye mshono uliozibwa vizuri linalipiku lenye jina kubwa lililokaa stoo miaka mitano. Mara nyingine ni kinyume chake. Kilichopimwa ni turubai lililopo mkononi, si sifa za kampuni.

*Kulifunga mlimani*

Lushoto ni nchi ya miteremko, na maji yake yanajua njia. Kabla ya kufunga, tembea eneo lote na utafute michirizi ya mvua iliyopita, majani yaliyokusanywa mstari mmoja, mchanga uliolala kama ulimi. Hapo ni mto wa usiku. Sogea pembeni, penye mwinuko mdogo, mbali na bonde na mbali na matawi makavu. Mikaratusi hudondosha matawi bila upepo mwingi, hivyo kivuli chake hakifai kulala.

Paa lisiwe bapa. Mvua ya milimita 20, ambayo ni ya kawaida wakati wa masika, ikinyesha kwenye turubai la mita 3 kwa 3 huleta lita 180 za maji, karibu pipa zima. Yakipata njia ya kutoka, hayana neno. Yakikusanyika katikati, ni kilo 180 juu ya vichwa vya watoto, na kamba au pete itakatika kabla kitambaa hakijavuja. Shusha upande mmoja kwa kiasi ambacho mtoto akiviringisha mpira juu yake utashuka wenyewe. Upande ulioshuka uelekee upepo unakotoka, na maji yake yamwagike mteremkoni, si mlangoni.

Kamba nazo hupitisha maji. Mvua hutambaa juu ya kamba hadi ndani ya hema. Funga kipande kifupi cha uzi kining'inie kwenye kamba kabla haijafika kwenye paa, na matone yatashukia hapo. Ni kazi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza, naye hujivuna kuifanya.

Mwisho wa safari, turubai likirudi nyumbani lianikwe kivulini hadi likauke kabisa, hata kama lilionekana kavu mlimani. Umande wa Usambara hujificha kwenye mikunjo.

*Mtoto akilowa*

Hata kwa maandalizi yote, mtoto anaweza kulowa. Ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana ngozi nyingi ya kupotezea joto kuliko mtu mzima, na nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kavu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo ni ya dharura.

Mzazi aanze kuchukua hatua kabla ya kufika huko. Mtoto anayetetemeka anahitaji kukaushwa na kufunikwa sasa, si baada ya mvua kuisha. Vua nguo zote za maji, kausha kwa kupangusa taratibu, mfunge blanketi kavu pamoja na kichwa, kisha mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe uji au chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, usimsogeze motoni karibu, na usimpe kilevi cha aina yoyote kwa imani kwamba kinaleta joto.

Mtoto aliyeacha kutetemeka ghafla huku bado ni baridi, anayejikwaa, anayeongea kwa kukokota maneno au anayesinzia wakati si wa kusinzia, hajapata nafuu. Amezidiwa. Huyo apelekwe hospitali mara moja akiwa amefunikwa na kukumbatiwa njiani.

Wazazi wanaopanda Lushoto likizo ijayo watakutana tena na yule muuzaji mwenye jibu moja. Wamwombe alitandaze turubai juani, walitazame kwa ndani, walinuse, waulize mshono umezibwa na nini. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa. Na fedha itakayobaki kwa kutokimbilia namba kubwa zaidi inunue blanketi moja la ziada kwa kila mtoto, lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na lisiguswe hadi usiku.